Samaki, Afande

19 Oktoba 1942, bandarini St. John's

Shajara ni marufuku melini. Tumesomewa amri hiyo mara mbili, eti adui akiikamata atajua siri zetu. Ndiyo kwanza nikaenda kununua daftari. Adui akilipata hili atajua kwamba supu yetu ina ladha ya mafuta ya taa na kwamba blanketi langu halijakauka tangu Agosti. Akishinda vita kwa siri hizo, basi alistahili kushinda.

Mimi ni Placide Aucoin wa Chéticamp, mtoto na mjukuu wa wavuvi. Humu ndani ya Tignish, meli yetu ndogo ya kusindikiza misafara, wananiita Sikio. Kazi yangu ni kukaa kwenye kibanda cha juu nikiwa nimevaa visikilizio. Mashine inatuma mlio majini, mimi nangoja mwangwi. Ukirudi mwembamba kuliko ulivyotoka, kitu kinatujia. Ukirudi mzito, kinatukimbia. Ukirudi vilevile, tena umelegea, hao ni samaki tu. Mashine haijui kusema "nyambizi". Anayesema ni mimi, kupitia bomba la kuongelea linalokwenda moja kwa moja kwa Kapteni.

Tuna mila yetu hapa. Msikilizaji akisema nyambizi, tukamwaga mapipa ya baruti baharini, halafu kumbe ni nyangumi, mpishi anampigilia samaki mkavu wa chumvi ukutani, juu ya mahali pake pa kulia. Samaki anakaa pale mpaka mwaka uishe. Elwood Steeves, mwenzangu kibandani, anao wawili. Mimi sina hata mkia.

Huyo Steeves kwao Moncton alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano. Piano! Samaki hajawahi kumwona ila kwenye sahani. Msikilizaji wetu wa tatu ameachwa hospitalini na homa ya mapafu, kwa hiyo safari hii tuko wawili, saa nne zangu, saa nne zake.

21 Oktoba

Tumeng'oa nanga. Meli za mizigo thelathini na nne, meli za ulinzi tano pamoja na yetu. Mwendo wa ng'ombe mgonjwa.

22 Oktoba

Ukungu. Maharage.

24 Oktoba

Leo asubuhi meli ya ulinzi ya upande wa kulia ilinasa kitu, tukaitwa kuisaidia. Sheria inasema mapipa yakishatupwa, msikilizaji avue visikilizio. Mimi sikuvua. Nilitaka niwe wa kwanza kusikia chuma chao kikivunjika, nije kuwasimulia wenzangu mezani. Pipa moja likalipuka mapema, karibu juu ya maji, nyuma yetu kabisa. Nilidhani mtu amenichoma msumari wa moto sikioni. Nilipopitisha kidole kikatoka na damu. Nikaifuta na kofia.

Hapakuwa na nyambizi. Meli ile ilifukuza maji matupu.

25 Oktoba

Sikio la kushoto linapiga mluzi. Litapona.

26 Oktoba

Linapiga mluzi.

27 Oktoba

Mluzi umekwisha, na sikio limekwenda nao. La kulia nalo linasikia, ila sauti nyembamba zinanipotea. Kipenga cha zamu nimekiona mdomoni mwa mtu, sikukisikia.

Nikisema, watanitoa kibandani. Watanipeleka kukwangua kutu, na Sikio atakuwa jina la kuchekea. Isitoshe atabaki Steeves peke yake, saa ishirini na nne, na samaki wake wawili. Nani atamwamini? Hivyo nanyamaza, tena najiambia nanyamaza kwa faida ya meli.

29 Oktoba

Dhoruba siku ya pili. Mawimbi yanaingia mpaka jikoni. Tunakula mikate iliyolowa tukiwa tumejifunga kwenye vitanda kama mizigo.

Steeves aliponipokea zamu alinitazama sana. "Kwa nini unageuza kichwa?" akaniuliza.

"Shingo inaniuma."

"Unageuza upande mmoja tu."

"Na wewe piano yako iko wapi? Nenda kaipige."

Alifuta visikilizio kwa kitambaa chake safi, maana huyu bwana hufuta kila kitu, akakaa. Simpendi. Simpendi hata namna anavyokaa.

1 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Dhoruba ilitulia usiku, na mchana bahari ilikuwa ya kijivu, nzito, haina hata povu. Zamu yangu ilianza saa sita. Saa nane kasoro robo nikapata mwangwi kulia mbele yetu, yadi elfu moja na mia nne, kati yetu na safu ya kwanza ya msafara. Nilimwambia Kapteni Sproule, akageuza meli tukaelekea pale. Ni mzee wa meli za mizigo, mtu wa Saint John, siyo St. John's yetu, hana maneno mengi.

"Kuna nini hapo, Sikio?"

Nilisikiliza. Mwangwi ulikuja, ukaja tena. Ulikuwa mwembamba au ulikuwa vilevile? Nililibana sikio la kulia kwa kiganja, nikafumba macho. Nilisikiliza mara sita. Nilichosikia ni "tu", "tu", kama mtu anayegonga ukuta wa nyumba ya tatu. Hakikuwa na wembamba wala uzito.

"Sikio! Nauliza kuna nini?"

Kumwita Steeves ilikuwa kazi ya kusema neno moja. Alikuwa amelala ngazi mbili chini. Lakini kumwita ni kukiri. Na kusema nyambizi bila hakika ni mapipa kumi baharini, meli kuacha nafasi yake nusu saa nzima, na samaki mkavu juu ya kichwa changu huku meza yote ikipiga makofi, Sikio naye, Sikio naye! Naapa kwa mama yangu aliyenizaa, hilo ndilo nililoliona. Nilimwona samaki yule na msumari wake.

"Samaki, afande."

"Una hakika?"

"Samaki, afande. Kundi kubwa."

"Vema." Meli ikarudi mahali pake.

Saa nane na nusu meli ya Norwe, Brattholm, ikapigwa topido, kombora la majini, katikati. Ilikuwa ya pili katika safu ya kulia, imebeba mawe ya chuma. Meli iliyobeba mbao huelea hata ikivunjika, lakini ya mawe ya chuma huenda kama ufunguo ukianguka kisimani. Niliusikia mlipuko kwa miguu. Nikachungulia dirishani, nikaona nusu ya mbele inasimama wima. Nikarudisha macho kwenye mashine, nikatazama tena, hapakuwa na kitu.

"Tafuta," Kapteni akasema bombani. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilitafuta mpaka jioni. Sikupata kitu, maana hata kingekuwapo nisingekisikia.

Walikuwa watu thelathini na wanane. Tumeokota kumi na mmoja.

2 Novemba

Waliookolewa wamelala chumba chetu cha kulia. Nimempelekea chai mmoja wao, mpishi, anaitwa Torleif, mikono yake imeungua mafuta. Nilimshikia kikombe. Kiingereza chake kibovu kama changu nilipoingia jeshini, tukaelewana.

"Tuliwaona," akaniambia. "Mlikuja mbio, mkageuka kwetu. Tukasema, hao, wameshaipata! Mpishi msaidizi akawapungia kitambaa cha sahani. Halafu mkaenda."

"Ndiyo," nikasema.

"Mliona nini?"

"Kunywa chai, kaka. Itapoa."

Wenzangu wananipigapiga begani. Eti kazi ngumu, Sikio, eti bahati mbaya, eti hata mashine ina siku zake. Kwetu hapa anayepiga kelele bure hupigiliwa samaki ukutani. Aliyenyamaza watu wakafa ishirini na saba hapigiliwi kitu. Anaongezewa ramu, ile pombe ya mgao. Leo adhuhuri watu watatu wamenipa funda la ramu yao, na nimelinywa lote.

3 Novemba

Sijalala.

4 Novemba

Sijalala. Torleif ameniuliza kama nina mke. Nikamwambia sina. Mpishi msaidizi wake alikuwa na mke.

6 Novemba, Londonderry

Tumefika ng'ambo. Majani ya kando ya mto ni ya kijani mpaka yanaudhi. Waliookolewa wameshuka. Torleif alinipa mkono wake uliofungwa bandeji, na sikujua niushike wapi.

14 Novemba

Leo nimekwenda hospitali ya wanamaji. Nimesimama mlangoni, muuguzi akaniuliza, "Una tatizo gani?" Nikamwambia nimepotea njia, natafuta posta. Akanielekeza posta. Nikaenda posta nikanunua stempu, mjinga mimi.

Niliporudi Steeves alikuwa peke yake chumbani, ananoa penseli. Nikakaa nimempa mgongo, nikavua viatu. Baada ya muda akaja akasimama mbele yangu, mkononi ana chuma cha ncha mbili, ambacho mafundi wa piano hukigonga kupimia sauti.

"Nimekigonga mara tano," akasema. "Karibu na sikio lako la kushoto. Mara ya tano nilikaribia kukuchoma nacho."

Nilitaka kumtukana. Matusi yote ya gati la Chéticamp yalinijia, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na sikuweza kutoa hata moja.

"Tangu lini?"

"Oktoba ishirini na nne."

Alihesabu siku. Nilimwona anavyohesabu, nikaona alipoifikia tarehe moja Novemba. Alikaa kitandani pangu.

"Mama yangu wee, Placide," akasema. Hajawahi kuniita jina langu.

"Basi nenda kaniseme. Mlango ule pale."

"Nikaseme mimi? Mimi mwenye samaki wawili? Watasema fundi wa piano ana wivu. Utasema wewe."

"Wakinitoa utabaki peke yako. Hawana mtu wa kutupa."

"Najua. Utasema hata hivyo."

"Nipe siku chache," nikamwambia.

20 Novemba

Siku chache zimekwisha, sijasema. Kesho tunaondoka. Steeves ameshika kichwa, kisha akatoa shauri ambalo mimi nisingelitoa hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Zamu yake atashika. Zamu yangu atalala sakafuni kibandani, miguuni pangu, na nikipata chochote nitamgusa kwa kiatu asikilize. Kapteni akiuliza tutasema ni baridi, kibandani kuna bomba la joto.

"Mpaka St. John's tu," akasema. "Tukifunga kamba nusu saa haitapita, utakwenda kwa Kapteni. Usipokwenda nitakuburuta kwa hilo sikio bovu."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu tarehe moja.

23 Novemba

Meli ishirini na tisa, nyingi tupu, zinarukaruka. Upepo usoni.

25 Novemba

Mara mbili nimemgusa. Mara mbili samaki kweli. Analala dakika kumi, anaamka, analala. Macho yamekuwa mekundu.

27 Novemba

Steeves anakohoa. Nilimletea supu, akanywa vijiko vitatu akalala kijiko mkononi. Mtu huyu nilimsema kwa mke wa mwenye baa kwamba ni mwoga anayefuta vumbi. Nimemfunika koti langu. Naona aibu ambayo sina pa kuiweka.

29 Novemba

Saa nne asubuhi, mvua ya barafu. Zamu yangu. Steeves chini, amejikunja, homa imempanda tangu jana naye hataki mtu ajue. Nikapata mwangwi kushoto, yadi elfu moja na mia mbili. Nikamgusa kwa kiatu. Hakuamka. Nikamgusa tena. Alinung'unika jina la mtu.

"Nimepata mwangwi, afande, kushoto, elfu moja na mia mbili."

"Nageuka. Kuna nini, Sikio?"

Niliusikiliza mwangwi, na masikioni mwangu walikuwa samaki. Walilegea, walikuwa vilevile, ningeweza kuapa. Nikakumbuka kwamba safari ile pia ningeweza kuapa. Nikavua visikilizio, nikamshika Steeves mabega kwa mikono miwili, nikamtikisa mpaka kichwa chake kikagonga mguu wa kiti.

"Elwood! Amka! Amka, ndugu yangu, amka!"

Bombani Kapteni akasikia. Juu pale huwa wanasimama watu sita, wote wakasikia. "Kuna fujo gani huko? Steeves anafanya nini kwenye zamu yako?"

Sasa ilinibidi niseme, tena kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkali.

"Namwamsha asikilize yeye, afande. Mimi sisikii. Sikio langu la kushoto lilikufa Oktoba na la kulia halifai."

Sikusikia jibu. Labda lilikuwapo, labda halikuwapo. Steeves alikuwa amekwisha kukaa, visikilizio kichwani, jasho linamtiririka. Mwangwi mmoja, miwili, mitatu.

"Nyambizi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia mwenye piano ni waya gani umelegea. "Mwembamba sana. Inatujia, afande."

Nilijua Kapteni anawaza nini. Mwenye samaki wawili na mwenye homa anasema nyambizi, na asiyewahi kukosea anajiita kiziwi. Akiacha nafasi yetu bure, upande wa kushoto wa msafara unabaki wazi.

"Sikio," akaniita. "Na wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia samaki, afande."

Nikasogeza mdomo bombani.

"Usinisikilize mimi, afande. Msikilize Steeves. Nakuomba."

Meli ikalala ubavu, ikageuka kwa nguvu zote. Kengele zikalia. Baharia wa zamu upande wa kushoto akapiga kelele ameona darubini ya nyambizi ikizama mbele yetu, na wakati uleule mstari mweupe wa topido ukapita nyuma yetu, pale ambapo tungekuwa kama tungesitasita dakika nyingine. Mapipa yakatupwa. Nilimvua Steeves visikilizio kwa mikono yangu kabla hayajalipuka, nikavirudisha baada ya mlipuko wa mwisho. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu alisikiliza sana, akatikisa kichwa.

"Mzito," akasema. "Inakimbia."

Mafuta yalipanda juu, siyo mengi. Hatujui kama imekufa au imeumia. Msafara ulipita wote. Nilisimama nje kwenye barafu nikahesabu, ishirini na tisa, nikahesabu tena. Halafu nikambeba Steeves mgongoni mpaka kitandani, na watu wakatupisha.

30 Novemba

Kapteni ameniita. Nilisimama mbele ya meza yake, akaniambia nikae. Hilo lilinitisha zaidi.

"Tarehe moja," akasema. "Uliisikia au hukuisikia?"

"Sikuisikia, afande."

"Ukasema samaki."

"Nikasema samaki."

"Kwa nini?"

Nilimwambia kwa nini. Nilimtaja yule samaki mkavu, msumari, makofi, kila kitu. Nilipomaliza nilidhani ataniita muuaji, na nilikuwa tayari. Alivua miwani, akajisugua macho muda mrefu.

"Mimi niliuliza mara moja tu kama una hakika," akasema. "Unajua kwa nini sikuuliza mara ya pili? Kwa sababu kila ukisema samaki nafurahi. Maana yake siachi msafara, situpi mapipa. Nilikuwa nataka wawe samaki. Kwenye kitabu cha meli nimeandika amri ilikuwa yangu, na sitafuta."

"Walikufa watu ishirini na saba, afande."

"Unadhani sijui idadi?" Ndipo alipopaza sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akaishusha. "Sikupeleki kifungoni. Watu wa kifungoni hawasikilizwi na mtu. Nakupeleka Halifax, shule ya wasikilizaji. Wanatafuta mwalimu aliyekwisha kwenda baharini. Lakini kila darasa jipya, siku ya kwanza, kabla ya mashine, utawaeleza tarehe moja Novemba. Yote. Nitaandika barua waniarifu kama umekwepa."

"Afadhali kifungo, afande."

"Najua," akasema.

1 Desemba

Mpishi amewang'oa samaki wa Steeves ukutani, akawatupa baharini. Hakuna aliyecheka.

5 Desemba, St. John's

Nimeshuka. Steeves yuko hospitalini, mapafu, lakini daktari anasema atarudi kazini. Nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikaishia kumfutia miwani yake kwa shati langu. "Unaichafua zaidi," akaniambia, akanishika mkono asiuachie mpaka muuguzi alipokuja.

11 Januari 1943, Halifax

Darasa la kwanza. Vijana thelathini na wawili, mashati mapya, masikio safi. Waliambiwa wanaletewa mtu wa bahari kuu, wakakaa mbele wakitarajia kisa cha kuzamisha nyambizi.

Nilisimama. Nikawaambia jina langu. Nikawaambia kuhusu visikilizio nilivyokataa kuvua, kuhusu dirisha, na kuhusu mpishi msaidizi aliyetupungia kitambaa. Sikuruka kitu.

Mmoja wa nyuma, mwenye madoadoa usoni, akanyoosha mkono.

"Sasa mwalimu, kama mtu hana hakika ni nyambizi au samaki, aseme nini?"

"Aseme, sina hakika."

Wakacheka. Walidhani nawatania. Nikawaacha wacheke mpaka wakaona kwamba mimi sicheki.